Mzazi Mwenyeji wa Dunmarrow

Verlene Mabry alikuwa na kauli moja ya kuwapokelea wageni, na kwa miaka mitatu hakuibadilisha. "Mimi silipwi," aliwaambia watu waliokusanyika ukumbini Jumamosi za Novemba. "Silipwi hata senti. Nikisifia kitu hapa, ujue nimekiona kwa macho yangu. Mwanangu yuko ndani."

Basi watu wanacheka, na wale akina mama waliokuja wamekunja nyuso kama walioitwa polisi wanaanza kumsogelea. Anawachukua kundi kwa kundi, anawapandisha ngazi za Akademia ya Dunmarrow: maabara, maktaba, chumba cha muziki, mpaka kwenye ukuta wa ghorofa ya pili penye picha za wahitimu, kila mmoja ameshika bendera ya chuo kilichomkubali. "Mia kwa mia," husema akiugonga ukuta kwa kidole. "Kila aliyehitimu hapa amepata chuo. Nitajieni shule nyingine ya Philadelphia hii inayoweza kusema hivyo."

Hatukuwa nayo ya kumtajia. Mimi mwenyewe wangu wawili niliwapeleka kwa maneno ya Verlene, na sikuwa peke yangu katika mtaa wetu wa Germantown. Shule iliwaita watu kama yeye wazazi wenyeji, ikawapa sweta la bure na kahawa, na ikapata kwa bei hiyo kitu ambacho tangazo la redio halikipati, yaani mwanamke mwenye kazi ya jikoni anayeaminika na wanawake wenye kazi za jikoni.

Dunmarrow ni shule ya mkataba: fedha za serikali, uongozi wa bodi yake yenyewe. Ada hakuna, mtihani wa kuingia hakuna. Unajaza fomu, na Februari kompyuta inapiga bahati nasibu. Mwaka uliotangulia watoto elfu moja na mia mbili waligombea nafasi mia moja na arobaini. Njia ya kuikwepa kompyuta ni moja tu, nayo ni kuwa na kaka au dada anayesoma mle. Odell wa Verlene aliingia kwa bahati nasibu, na siku jina lake lilipotoka mama yake alilia barazani mpaka majirani tukadhani pamefiwa. Sasa Odell alikuwa mwaka wa nne, na mdogo wake Nyla, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa aingie Septemba kwa mgongo wa kaka yake. Nyumbani kwao hilo lilihesabiwa kuwa limekwisha.

Jumatano moja Verlene alipigiwa simu akiwa kazini, anapanga trei za wagonjwa wa kisukari katika jiko la hospitali. Bi. Pruitt, mkuu wa malezi wa Dunmarrow, angependa kumwona kesho yake asubuhi. Si jambo kubwa, alisema. Verlene akaomba ruhusa ya saa tatu, msimamizi akampa mbili.

* * *

Mlangoni alikuta mhudumu wa mapokezi ni yuleyule anayemletea kahawa kila Jumamosi ya wageni. Siku hiyo alimwomba kitambulisho, akakisoma pande zote mbili, akamchapishia karatasi ya kubandika kifuani: MGENI.

"Kwani hunijui, Claudette?"

"Nakujua, dada. Siku za kazi ndivyo ilivyo."

Akakaa kwenye kiti cha wanafunzi dakika arobaini katika zile saa zake mbili. Bi. Pruitt alipomfungulia alimshika mikono yote miwili. Alikuwa mwanamke mwembamba, msafi, mwenye sauti ya chini, na hakuna aliyewahi kumsikia akimkaripia mtoto.

"Asante kwa kuja, Mama. Najua kazi ni kazi. Odell ni kijana mzuri sana. Hapa hakuna asiyempenda."

Verlene alishalea vya kutosha kujua kwamba sentensi kama hiyo ina mkia. Akangoja.

"Kemia ana arobaini na moja," Bi. Pruitt alisema. "Hisabati arobaini na sita. Alama za makosa amefikisha thelathini na nane. Ya arobaini inampeleka kwenye baraza la nidhamu, na mimi sipendi kumwona Odell mbele ya baraza."

"Alama hizo ni za kuchelewa. Niliwaletea barua ya hospitali. Mama yangu anasafishwa damu siku tatu kwa wiki, na gari la kumchukua halina saa. Odell ndiye anayemteremsha ngazi. Mimi saa hiyo nishaingia kazini."

"Barua tuliisoma, Mama, na iliniumiza moyo. Lakini kengele ni kengele. Nikimfungulia mmoja nitawafungulia wangapi?"

Akasukuma karatasi moja mezani, taratibu. Juu yake paliandikwa Kuondoka kwa Hiari ya Familia.

"Hii si kufukuzwa. Kwenye faili lake hakutakuwa na doa. Anahamia shule ya mtaa wenu, anamaliza Juni na wenzake, na huko, tuseme ukweli, kemia haina makali kama ya kwetu. Tunataka kumwokoa."

"Na Nyla?"

"Hilo ndilo lililonifanya nikuite leo nisingoje wiki ijayo." Bi. Pruitt akasogeza kiti. "Orodha ya ndugu nitaifunga Jumatatu asubuhi. Ukitia sahihi leo, nitaandika kwamba Odell anaondoka Jumatatu jioni. Asubuhi Nyla ataingia kwenye orodha kaka yake akiwa bado mwanafunzi wetu, na baada ya hapo hakuna wa kumtoa. Lakini Odell akiandikiwa baraza kabla ya hapo, familia inaandikwa kuwa haina rekodi njema, na mdogo wake haingii orodhani. Maneno hayo sikuyatunga mimi, Mama. Niliyakuta."

Nje, darasa moja lilikuwa linabadilisha chumba, mstari mmoja, mikono nyuma, bila sauti. Verlene aliwahi kuwaonyesha wageni mstari huo kwa fahari.

"Ningezungumza naye kwanza."

"Ni haki yako. Ila vijana wa umri wake, ukiwaambia hivi, wanasikia kwamba wamekataliwa. Nimewaona. Mama ndiye anayejua lililo jema kabla mtoto hajalijua."

Saa ya ukutani ilionyesha kwamba zilibaki dakika ishirini za kurudi hospitalini. Nimemsikia mtu akisema kwamba yeye asingetia sahihi. Huyo hajawahi kupewa watoto wake wawili kwenye karatasi moja na kalamu juu yake. Verlene alitia sahihi, na Bi. Pruitt akamkumbatia.

* * *

Alhamisi hiyo jioni walikula maharagwe mekundu na mkate wa mahindi. Bibi Earline, mama yake Verlene, alikuwa amerudi kutoka kusafishwa damu, amekaa na blanketi magotini na ulimi wake uko salama kama kawaida. Odell alimkatia mkate, akampakia siagi kidogo kuliko alivyotaka.

"Hii siagi ya kupaka au ya kunusa?" Bibi Earline aliuliza.

"Daktari amesema, Bibi."

"Daktari wako ana miaka ishirini. Nina soksi zilizomzidi umri."

Nyla alikuwa na jambo lake. "Odell, mwaka ujao nikiingia Dunmarrow watu wakikuuliza habari zangu, usiwaambie mnaniita Kibonge."

"Mwaka ujao sipo, Kibonge. Niko chuo."

"Chuo gani na ile kemia yako?"

"Kemia tunaelewana. Yeye ana taabu zake, mimi nina zangu." Akacheka, kisha akamgeukia mama yake. "Mama, nimejiandikisha Jumamosi za wageni. Kila Jumamosi unayojitolea wanakufutia alama mbili. Nikifanya tatu nashuka mpaka thelathini na mbili. Kesho kutwa naanza, tutakuwa pamoja."

"Vizuri," Verlene alisema. Akainuka akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa bado na chakula.

Watoto walipotoka mezani, Bibi Earline alimtazama binti yake mgongoni kwa muda. "Toa," akasema. "Tangu umeingia umebana kitu mdomoni."

Verlene alimweleza akiwa amesimama, maji yakimwagika ili sauti isivuke ukuta. Mama yake hakumkatiza. Alipomaliza, bibi kizee akauliza, "Mtoto anajua?"

"Hajui."

"Januari anatimiza kumi na nane. Baada ya hapo karatasi ile angetakiwa aitie sahihi mwenyewe, wala wewe usingekuwa na kauli. Ndiyo maana wamekuita Novemba."

Verlene alifunga bomba. Hilo hakuliwaza.

"Na ni mimi na figo zangu," Bibi Earline akaongeza.

"Mama, usianze."

"Sianzi. Nasema tu. Mtoto anachelewa kwa kunishika mkono, wanamwita mkosaji."

* * *

Ijumaa Verlene alibadilishana zamu, akaenda shule ya mtaa kuulizia nafasi. Ni jengo kubwa la matofali ambamo yeye mwenyewe alisoma, na ambalo kwa miaka mitatu aliwaambia wageni, bila kulitaja jina, kuwa ndilo waliloliepuka. Karani wa usajili alikuwa mzee mmoja mpole, Bw. Bascombe, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alichukua karatasi za Odell akazipitia kwa rula, mstari kwa mstari.

"Umesema mwaka wa nne?"

"Wa nne. Anamaliza Juni."

"Kwa karatasi hizi ni wa tatu, bibie." Akaigeuza ili naye aione. "Dunmarrow hawatoi alama za nusu mwaka. Akiondoka Novemba, yote aliyosoma tangu Septemba ni bure. Na haya masomo mawili, Tabia na Uongozi, kila mwaka anayo, wilaya haiyahesabu. Itabidi arudie. Atamaliza mwaka mzima baada ya wenzake."

"Atakuwa na kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Yule mama aliniambia atamaliza na wenzake."

Bw. Bascombe alivua miwani ya machoni akaishika. "Huja kila Novemba kutoka kule," akasema. "Wengine Machi. Mwaka huu wako atakuwa wa kumi na moja. Watoto wenye adabu sana, wanapanga mstari hata pasipo na mtu. Nafasi yake ipo, usiwe na wasiwasi wa nafasi."

"Hao wanaokuja, wanamaliza?"

Yule mzee angeweza kusema uongo mdogo, na nadhani aliufikiria. "Baadhi," alisema.

Verlene alitoka akasimama kwenye ngazi za shule yake ya zamani, na hesabu ambayo hakuwahi kuipiga ikajipiga yenyewe. Wanaoingia mwaka wa kwanza mia moja na arobaini. Picha za ukutani, safu saba zenye kumi kumi, na nne za mwisho: sabini na nne. Alizigonga kwa kidole chake mara ngapi, na hakuuliza wengine wametundikwa wapi.

Akapanda basi la kwenda Dunmarrow. Bi. Pruitt alikuwa ukumbini na baluni za kesho, ameshika gundi.

"Nataka kuifuta ile karatasi," Verlene alisema.

"Mama, tukae."

"Sikai. Ulisema atamaliza Juni. Nimetoka shuleni kule, wamesema atarudia mwaka."

"Kila shule ina taratibu zake, siwezi kuzijua zote." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kufuta unaweza, mpaka kesho saa saba mchana, ninapofunga ofisi. Lakini ukifuta, nafuta vyote viwili. Odell anabaki, namwandikia baraza la Jumanne kwa masomo mawili aliyoanguka, bila kungoja alama ya arobaini, na jina la Nyla linaingia kwenye bahati nasibu pamoja na wenzake. Sikutishi. Nakueleza ili usije ukasema sikukueleza."

Akabandika baluni, akarudi nyuma kuiangalia kama imekaa sawa.

"Kesho tuna familia mia tatu," akasema. "Unakuja, sivyo? Hakuna anayetembeza watu kama wewe."

* * *

Alikwenda. Sitaki kumpamba, alikwenda kwa sababu Odell alikuwa anakwenda, na kwa sababu hakuwa bado amejua atafanya nini, na asiyejua la kufanya hufanya alilozoea. Wakatembea wote wawili mpaka kituoni, Odell amevaa tai aliyoifunga mara tatu mbele ya kioo. Mara mbili Verlene alifungua kinywa. Mara zote mbili Odell alikuwa anaeleza kitu.

Ukumbini alisema kauli yake ya kupokelea. "Mimi silipwi." Watu wakacheka.

Katika kundi lake la nne alikuwemo Efraín Collazo, fundi wa mapaa, na binti yake Yadira. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, shati limepigwa pasi likasimama, na mkononi daftari dogo la duka la vifaa. Kila shule aliyotembelea aliipa kurasa mbili. Kwenye maabara aliuliza mitungi ya gesi inakaguliwa lini. Maktabani alifungua kitabu akatazama nyuma kimeazimwa mara ya mwisho lini, akaandika. Yadira alikuwa anaona haya mpaka masikioni.

"Papi, inatosha."

"Nyumba ninayoezeka kwa siku mbili naikagua siku nzima. Hapa unakaa miaka minne."

Wakafika kwenye ukuta. Bi. Pruitt alikuwa kando, kwenye meza ya kahawa, anatabasamu na kila apitaye. Verlene alisimama mahali pake pa siku zote. Kidole kilikataa kunyanyuka.

"Hawa ni wahitimu wetu," alisema. "Kila aliyehitimu amepata chuo."

"Samahani, dada." Bw. Collazo alikuwa anahesabu kwa ncha ya kalamu. "Hawa wa mwaka jana ni sabini na nne. Pale chini mmeandika mnachukua mia moja na arobaini. Waliobaki wako wapi?"

Wageni wengine wakageuka. Lilikuwa swali la mtu wa mapaa, aliyezoea kutafuta maji yanapoingilia. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeliuliza, wala Verlene, wala mimi.

Jibu lilikuwepo, limeandikwa kwenye kijitabu cha wazazi wenyeji, ukurasa wa sita. Verlene alimwona Bi. Pruitt akiinua kikombe bila kunywa. Alimwona Nyla, ambaye hakuwepo, ameketi kwenye darasa la ghorofa hii hii.

"Familia nyingine huhama," akasema.

"Wengi hivyo?"

"Huhama. Mji huu, unaujua."

Bw. Collazo aliandika, lakini hakuridhika. Akatazama huku na huku akitafuta mtu asiye na kijitabu, macho yakamwangukia kijana aliyeshikilia mlango wa maabara, tai imenyooka.

"Wewe kijana. Uko mwaka gani?"

"Wa nne, bwana. Namaliza Juni," Odell alisema.

"Na wewe hii shule umeionaje? Niambie kama unamwambia mjomba wako."

Odell alifikiri kwanza. Alikuwa hivyo tangu mdogo, ukimuuliza kitu anakiheshimu. "Ni ngumu," akasema. "Sitakudanganya. Mimi kemia inanipiga. Na wanahesabu kila dakika. Lakini hapa hawakuachi. Ukianguka, wanakuita, wanakaa na wewe. Kule nilikotoka ningeanguka na mtu asingejua." Akamtazama Yadira. "Mwanzoni utalia. Mimi nililia. Halafu unazoea."

Wazazi wakacheka kwa upole. Mwanamke mmoja akasema, "Mungu ambariki."

"Huyu analelewa na nani?" Bw. Collazo aliuliza, sauti imebadilika.

Odell akamwonyesha mama yake kwa kidevu, ameinamisha uso kwa haya.

"Ni wangu," Verlene alisema.

"Ungeniambia mapema, dada. Nisingekuchosha na maswali." Mwanaume yule alifunga daftari, akalitia mfukoni. Akamshika Odell mkono kama watu wazima wanavyoshikana. "Yadira, umeona? Hivi ndivyo ninavyotaka." Akaenda mezani kwa Bi. Pruitt kuchukua fomu, binti yake nyuma.

Verlene alikuwa na nafasi ya kumwita. Zilikuwa hatua nane, labda tisa. Alibaki amesimama chini ya zile picha sabini na nne, na Odell alimkonyeza jicho.

* * *

Saa sita na dakika arobaini wageni walikuwa wamekwisha. Alimkuta mwanawe kwenye kibaraza cha nyuma anakula donati iliyobaki, sukari imemwagikia tai.

"Umeniona?" Odell aliuliza. "Yule baba amenipa mkono. Bi. Pruitt kasema leo atanifutia tatu badala ya mbili."

"Kaa, mwanangu."

"Nimechoka kukaa, nimesimama asubuhi nzi..." Akaona uso wa mama yake, akakaa.

Alimwambia yote, kwa mpangilio, bila kujitetea: karatasi, Jumatatu jioni, Bw. Bascombe na rula yake, mwaka wa kurudia. Alimwambia kuhusu orodha ya ndugu. Odell alisikiliza akiwa ameshika ile donati mbali na nguo, kama mtu anayetafuta pa kuitua.

"Ulitia sahihi lini?"

"Alhamisi."

"Kwa hiyo yule baba aliponiuliza, ulijua."

"Nilijua."

Alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, polepole. Verlene alitamani apige kelele. Alikuwa amejiandaa kwa kelele tangu Alhamisi, amejiwekea na maneno ya kuijibu, na sasa maneno hayo hayakuwa na kazi.

"Bado dakika kumi na tano," akasema. "Naweza kuingia nikafuta. Niambie nifute, Odell. Nitaingia sasa hivi. Jumanne nitakuja barazani nikae mbele yako."

"Ukifuta, Nyla?"

"Ataingia kwenye bahati nasibu."

"Watoto elfu moja na mia mbili," Odell alisema. "Ukitoa ndugu, nafasi zinabaki kama tisini." Midomo yake ilisogea kidogo. Yule aliyepata arobaini na sita ya hisabati alifanya mgawanyo wote kichwani, akafika, na mama yake akamwona alipofika. "Acha, Mama."

"Si wewe wa kuamua hili. Wewe ni mtoto."

"Basi kwa nini unaniuliza?"

Verlene alimshika mkono, ukaachwa ushikwe.

"Bibi anajua?"

"Anajua."

"Nyla?"

"Hajui."

"Usimwambie," Odell alisema. "Mwambie nimetaka mwenyewe, nimechoka na kemia. Ukimwambia ilivyo, atakataa kuja." Sauti ikakatika hapo, akageuza uso upande wa maegesho ya magari, na Verlene, aliyemfuta machozi mtoto huyu miaka kumi na saba, hakuthubutu kunyoosha mkono. Ndani mtu alikuwa anapasua baluni moja moja.

Baadaye Odell alijifuta kwa mkono wa shati, akainuka, akapangusa sukari kwenye tai.

"Unakwenda wapi?"

"Kuna viti vya ukumbini. Nilimwambia nitavipanga."

"Odell, huna haja tena. Hizo alama hazina..."

"Nilimwambia nitavipanga, Mama."

Akaingia. Vilikuwa viti mia tatu vya chuma. Verlene alivisikia vikikunjwa na kuegemezwa ukutani, kimoja baada ya kingine, kwa mwendo uleule, bila kutupwa hata kimoja. Kengele za kanisa la jirani zilipiga saa saba, na viti havikuwa vimekwisha.

Saa saba na nusu Bi. Pruitt alitoka na funguo, Odell akiwa nyuma yake amebeba boksi la vikombe. Aliwashukuru wote wawili kwa kujitolea, akamwambia Verlene kwamba zimejazwa fomu mia mbili na sita, haijapata kutokea, na akauliza kama Jumamosi ijayo anaweza kuwahi kidogo.